Mnong'ono Nyuma ya Kiti cha Mzee Leonard

Juzi nilikuwa katika duka moja la Waafrika pale Alief, Houston, nikinunua unga na viungo vya pilau, huku Mama akiniongelesha kwenye simu kutoka Grand Prairie, upande wa Dallas. Alikuwa ananisimulia harusi ya kanisani kwao, na kama kawaida yake alikuwa bado hajafika hata kwa bibi harusi. Mwenye duka akafungua mtungi wa karafuu ili anipimie. Harufu ile ilinipanda puani, na harusi ikanipotea yote. Nilijiona nina miaka tisa, nimesimama nyuma ya kiti cha Mwingereza mzee, naomba Mungu amsaidie mzee yule asisahau.

Niwaelezeni kwanza mambo ya nyumba yetu. Mama alikuwa nesi, na kama manesi wengi wa Kikenya huko Dallas, alichoka kukimbizana na zamu za hospitali akafungua nyumba ya kutunza wazee. Msifikirie jengo kubwa lenye lifti. Ilikuwa nyumba ya kawaida kabisa, yenye gereji na nyasi zilizokauka mbele. Wazee watatu walilala vyumba vya upande wa barabarani, sisi tukalala vya nyuma, na jiko lilikuwa la wote. Baba aliendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo tulimwona kwa kubahatisha. Watoto wenzangu shuleni walikuwa na mbwa. Mimi nilikuwa na wazee.

Niliyempenda zaidi ni Mzee Leonard. Mama alimwita Mzee siku ya kwanza kwa heshima tu, naye akauliza maana yake. Alipoelezwa alikaa wima, akajifunga vizuri mkanda wa gauni lake la kulalia, na tangu siku hiyo hakukubali kuitwa vinginevyo. Nadhani alikiona kuwa cheo ambacho Malkia alisahau kumpa.

Alikuwa mwigizaji maisha yake yote. Alianza kijana mdogo kule Uingereza, akibeba mkuki jukwaani nyuma ya watu wenye maneno ya kusema. Baadaye akapewa maneno machache, kisha mengi, akazunguka miji midogo ya baridi na kikundi kilicholala katika vyumba vya kupanga na kula mayai kila siku. Sinema zilipomfikia alikuwa tayari na mvi, basi akawa jaji, akawa daktari, akawa mtumishi wa matajiri anayefungua mlango na kutangaza wageni. Kwenye televisheni ya kwao aliwahi kuwa mkuu wa polisi kwa miaka mingi, na watu wakawa wanamripotia wizi barabarani. Texas aliletwa na filamu ya wachunga ng'ombe, ambamo aliuawa kabla ya chakula cha mchana. Ila asubuhi ile ile fundi wa kushona mavazi, mwanamke wa Fort Worth, alimpima mabega, na Mzee hakurudi tena Uingereza ila kusalimia. Walioana, wakazeeka pamoja, mkewe akatangulia. Kule kwao alibaki na binti wa ndoa ya kwanza, Judith, aliyempigia simu kila Jumapili.

Koo lake alilitunza kuliko macho. Peremende zake za karafuu zilipoisha, Mama alimpa karafuu zenyewe kutoka kabatini, na hapo tukamharibu kabisa, hakutaka tena za dukani. Kazi ya kumpelekea karafuu ilikuwa yangu. Nilizibeba kiganjani, mbili tatu, na mikono yangu ikanuka hata darasani.

Nilipenda sana kumwona akifa. Nilimwuliza siku moja ni mara ngapi ameuawa, akasema afadhali anionyeshe. Alinionyesha kufa kwa sumu, kufa kwa risasi, na kufa kwa huzuni, ambako ndiko kunakochukua muda. Alikuwa ameshafika mwisho wa huzuni, ameinamia mkono wa kiti, mdomo wazi, wakati Mama Furaha alipoingia na kikapu cha nguo. Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa Goma, msaidizi wa Mama, mwanamke mwenye nguvu ya kumwinua mzee yeyote kitandani huku akiimba tenzi.

"Yesu wangu! Muzee amekufa! Shiru, ita mama yako, mbio!"

Nguo zilitawanyika sakafuni. Alikuwa keshamshika kifua tayari kumsukuma moyo, Mzee akafungua jicho moja na kuuliza kama kifo kimekuwa kirefu mno.

"Vraiment, kweli kabisa, huyu muzee ataniua mie," Mama Furaha akasema, akiketi juu ya mashuka. "Usikufe tena ku zamu yangu! Hata kwa mchezo!"

Mama alipiga marufuku vifo vyote sebuleni. Basi tukahamia kwenye maneno. Kulikuwa na hotuba moja ya jaji, ndefu, aliyoisema zamani jukwaani, naye alitaka kuisema kila siku nikitoka shule. Mwanzoni aliimaliza bila tatizo. Kisha akaanza kukwama, kwanza mahali pamoja, halafu pengi. Mimi nilikuwa nimeisikia mpaka naijua, nikawa namtajia. Hakukasirika. Aliniambia kila jumba la maigizo la zamani lilikuwa na mtu wa kunong'oneza, amejificha pembeni, na kwamba kazi ile ina adabu zake. Akanifundisha. Usimkimbilie mwigizaji, ngoja avute pumzi, kwa sababu huenda amenyamaza makusudi. Mpe maneno mawili tu. La tatu ni lake, ukimpa na hilo umemnyang'anya. Usiwatazame watazamaji. Na mnong'ono wako ufike kwake na uishie kwake. Ukisikika kiti cha mbele, bora ungelala nyumbani.

Nilidhani ni mchezo. Sikujua kwamba alikuwa anajitafutia msaada kabla giza halijaingia.

Giza liliingia mwaka ule ule. Alianza kuuliza mkewe amechelewa wapi. Alivaa koti juu ya koti. Mara moja alikutwa kona ya barabara, akingoja basi ambalo halijawahi kupita mtaa ule tangu uumbwe. Jioni moja nikifanya homework mezani, nikamsikia Mama akimwambia Mama Furaha jikoni:

"Judith anakuja Saturday. Daktari amemwambia Mzee amefika stage ya kufungiwa, ile facility kubwa ya Fort Worth, milango ya code. Ameniambia wazi, kama baba yake bado anamjua, ata-stay hapa. Kama hamjui, anamhamisha."

"Na atamujua?"

Mama alifungua bomba, akalifunga.

"Leo asubuhi ameniita Peggy."

"Peggy njo nani?"

"Sijui. Lakini lazima alikuwa mtu mzuri, vile alivyonishukuru."

Usiku ule nililia chini ya blanketi, nikimwona Mzee Leonard nyuma ya mlango wa namba, bila karafuu, bila mtu anayeijua hotuba yake. Sikumwambia Mama neno. Nilikuwa nimeshaamua kazi yangu.

Jumamosi Mama alimnyoa mwenyewe, akampigia pasi shati jeupe. Nilimpa karafuu. Alikuwa mtulivu na mpole, na hakujua kabisa ni siku gani. Kengele ilipolia nilikwenda nikasimama nyuma ya kiti chake, mkono juu ya mgongo wa kiti kama mtoto aliyezoea kusimama pale.

Judith alikuwa mrefu, mwenye mvi zake tayari, na koti lisilofaa joto la Texas. Alisimama mlangoni mwa sebule. Mzee alimtazama kwa adabu, vile unavyomtazama mtu aliyekaa karibu nawe kwa daktari. Mama akaanza kuuliza habari za safari, sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida. Nilingoja Mzee avute pumzi. Akavuta.

"Judith, mwanangu," nikamnong'oneza.

Mabega yake yakainuka. Alisimama bila msaada, kitu ambacho hakuwa amekifanya wiki nzima, akafungua mikono.

"Judith, mwanangu! Umechelewa kiasi kwamba chai imepoa mara mbili. Njoo hapa nikuone."

Akamkumbatia. Akamsifu nywele, akalilaani shirika la ndege, akamtambulisha kwa Mama kama malkia anayetambulishwa kwa malkia mwenzake. Mama Furaha, aliyekuwa amebeba sinia ya mandazi, alisimama katikati ya sebule akisahau kuitua. Mimi nilitamani kupiga makofi. Nilijua tumeshinda.

Kisha Judith akaketi karibu naye, akamshika mkono, akauliza, "Baba, unaikumbuka nyumba yetu ya kule pwani?"

Mzee akageuza kichwa kidogo upande wangu, jinsi alivyofanya kila hotuba ilipokwama. Nyumba ile haikuwamo katika chochote alichowahi kunifundisha. Machozi yalinijaa.

Judith hakumkimbiza. Alingoja. Mzee alipovuta pumzi, akamwinamia, akasema polepole, "Mlango mwekundu."

"Uliokwaruza!" Mzee akasema. "Mlango mwekundu uliokwaruza sakafu, na hakuna aliyeweza kurudi nyumbani kimyakimya."

Wakacheka wote wawili. Judith alicheka huku anajifuta macho. Wakala mandazi, na Mzee akaendelea hivyo hivyo, akipokea maneno kutoka kulia na kushoto, mpaka akachoka na kusinzia, mkono wake bado mkononi mwa binti yake.

Nilimsindikiza Judith hadi kwenye gari la kukodi, kwa maana Mama alinifundisha kwamba mgeni haachwi mlangoni. Alisimama kidogo na funguo mkononi. Akaniambia atabaki, baba yake, atabaki pale pale kwetu. Halafu akaniwekea mkono kichwani.

"Una mnong'ono mzuri sana," akasema. "Unasikika vizuri."

Nilirudi ndani nikiruka. Nikamweleza Mama kila neno, nikijisifu, na nikashangaa Mama alipoacha kukunja shuka akakaa kitandani. Alinivuta kifuani, akaniambia tu niende kumwangalia Mzee kama amefunikwa. Mzee aliishi nasi miaka miwili zaidi na akafa ku zamu ya Mama Furaha, safari hii bila mchezo, naye alimwimbia mpaka mwisho.

Nilishakuwa mtu mzima, na mtoto wangu mwenyewe, ndipo siku moja maneno ya Judith yakanirudia na nikayaelewa. Mnong'ono ukisikika kiti cha mbele, umeharibu. Judith, mtoto wa mwigizaji aliyekulia pembeni mwa jukwaa, alijua hilo kabla hajajua kusoma. Alinisikia. Tangu neno la kwanza alijua kwamba baba yake hamjui, kwamba yule aliyemkumbatia ni mwigizaji mzee anayefanya kazi yake kwa mara ya mwisho, tena kwa uzuri, kwa ajili yake. Alikuwa amesema baba asipomjua atamhamisha. Alijua, na akamwacha kwetu. Miaka yote ile nilidhani tulimdanganya. Kumbe alitafuta nyumba ambayo baba yake akikwama kuna mtu atamngoja avute pumzi, akaiona.

Mwenye duka alinikabidhi karafuu zangu. Simu ilikuwa bado sikioni, na Mama alikuwa ameshafika kwa bibi harusi, na waimbaji, na keki.

"Na unajua nani alikuwa kwa meza yetu? Huyu, huyu..." Akasita. "Huyu wa Goma. Tulikuwa tunafanya naye kazi. Mwenye kuimba. Shiru, huyu..."

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tatu. Nilisimama kati ya rafu za unga na za mafuta ya mawese, mfuko wa karafuu mkononi. Sikumkimbiza. Nikangoja mpaka nikamsikia anavuta pumzi.

"Mama Furaha," nikamnong'oneza.

"Mama Furaha!" akasema. "Nilikuwa nataka tu kusema."

"Najua, Mum. Endelea."