Nani Atamwosha Kungwi

Asubuhi ya juzi, huku kwetu Matogoro, amekufa mwanamke aliyeapa kunyamaza akiwa msichana, kisha akakivunja kiapo hicho ukubwani, mchana kweupe, mbele ya watoto wa watu. Alikuwa kungwi, mzaliwa wa Tunduru, mjane wa mfanyabiashara wa korosho aliyemleta Songea na kumwachia nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima. Nilipofika nilimkuta amefunikwa shuka. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka kutoka sebuleni mpaka uani. Sanda ilikuwa imenunuliwa, karafuu maiti ilikuwa tayari, na wanaume walikwisha kwenda kuchimba kaburi. Kilichokosekana ni mtu wa kuinuka. Jua lilipanda na hakuna aliyeinuka, na kila mmoja pale alijua sababu. Zamani makungwi wenzake walimwambia kwamba siku akifa hawatamwosha. Sasa walikuwa wameketi kando ya mlango, tasbihi mkononi, wakitazama vidole vya miguu yao.

Ili msomaji ajue kosa lake lilikuwa nini, inabidi niseme habari yangu mwenyewe, na niiseme bila kuifunika kawa. Katika nyumba kama yetu, nyumba ya Kikatoliki yenye rozari ukutani na mahindi darini, mama hazungumzi na binti yake habari za mwili. Hiyo ni haki ya shangazi, na mama anayemnyang'anya wifi yake haki hiyo huonekana hana adabu. Shangazi yangu aliishi Lusewa. Nilikuwa darasa la sita, ilikuwa masika, na barabara ya Lusewa ilikuwa tope tupu. Damu ilinijia shambani, tukipalilia mahindi ya shule, nikadhani jembe limenikata mahali nisipopaona. Mama aliponiona hakuuliza. Alichana kanga yake kuukuu, akaviweka vile vitambaa kitandani kwangu, akasema, "Shangazi yako atakuja barabara ikikauka." Akarudi jikoni. Hayo ndiyo maneno yote ambayo mila ilimruhusu mwanamke aliyenizaa.

Nikangoja barabara ikauke. Nilisali huku nikitazama mawingu. Nilikuwa nimekata shauri kwamba nina ugonjwa ambao mama anauonea haya, na kwa kuwa marehemu haoni baridi, nikampa mdogo wangu sweta langu la bluu. Shuleni hakukuwa na msaada. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha uzazi wa mimea kwa mapenzi makubwa. Mpaka leo naweza kukueleza jinsi chavua ya mhindi inavyosafiri kwa upepo hadi kwenye hariri ya mhindi mwingine. Tulipofika kwenye uzazi wa binadamu, alifunga kitabu na kusema sehemu hiyo tutaisoma wenyewe nyumbani. Nyumbani kitabu hakikuwapo. Kulikuwa na shangazi, naye alikuwa ng'ambo ya tope.

Kungwi alikuwa akiuza karanga za kukaanga, na watoto wa mtaa tulikwenda uani kwake kumsaidia kubangua, wasichana kwa wavulana, kila mmoja akiondoka na konzi yake. Siku moja aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, ninaumwa wapi. Nikasema siumwi.

"Sweta lako nimeliona kwa mdogo wako," akasema. "Hapa Matogoro mtu hagawi sweta mpaka awe ameamua kufa."

Nikalia, na katika kulia nikasema. Wenzangu wote walisikia. Mtu mwingine angewafukuza kwanza, au angeniita chumbani aninong'oneze. Yeye aliendelea kubangua. Akasema hiyo inaitwa hedhi. Kwamba mama yangu anaijua, mwalimu wangu wa kike anaijua, na hata masista wa misheni wanaijua, wala hakuna aliyekufa kwayo. Mvulana mmoja mkubwa, aliyekuwa akikariri darasa la sita, akacheka, na sauti ikamkatika katikati ya kicheko. Kungwi akamgeukia.

"Na wewe unayekoroma kama redio iliyoishiwa betri, unacheka nini? Zamu yako imeshafika."

Akamweleza na yeye, palepale, mbele yetu: koo linalopasuka, nywele zinazoota, chunusi, shuka linalolowa usingizini. Si ugonjwa, alisema, si uchawi, wala si dhambi ya kuungama. Aliyataja mambo hayo kwa sauti ileile aliyoulizia bei ya chumvi, na hiyo sauti ndiyo iliyoniponya kuliko maneno yenyewe. Yule mvulana aliinama, masikio yamemwiva, lakini kesho yake alirudi kubangua, na keshokutwa alirudi na maswali. Baadaye nilielewa kwamba zile karanga zilikuwa na kazi yake. Mikono ikishughulika, macho hushuka, na mtoto anayetazama karanga anaweza kuuliza jambo ambalo hawezi kuliuliza akimtazama mtu mzima usoni. Tulijifunza kufua vitambaa kwa sabuni na kuvianika juani badala ya kuvificha chini ya godoro vikaota ukungu. Tulijifunza mimba inapatikanaje, kwa maneno yasiyohitaji kufumbuliwa. Tulijifunza kwamba mtu mzima anayetaka kukugusa na kukuambia usiseme, huyo ndiye wa kusemwa.

Yapo aliyoyaacha, na aliyaacha kwa makusudi. Unyago wa kwao, alituambia tulipokua, humchukua mtoto aliyevunja ungo juzi na kumfundisha namna ya kumpendeza mume. "Mtoto hafundishwi mume," alisema. "Anafundishwa mwili wake. Hivyo ni vitu viwili, na sisi makungwi ndio tuliovifunga kwenye kanga moja." Kwa hiyo alikifungua kile kifurushi, akatoa kilichokuwa cha mtoto akampa mtoto, na kilichobaki akakifunga tena. Sijui msomi gani angeigawa mila kwa mkono mwepesi namna hiyo.

Wa kwanza kuja kumlaumu walikuwa wa upande wetu. Kina mama wa jumuiya waliingia uani na Tumsifu Yesu Kristo yao, mama yangu akiwa nyuma kabisa. Kungwi akawakaribisha mkekani na kumsogezea kila mmoja karanga, maana kwake hakuna aliyekaa bure. Wakamkaripia huku wakibangua. Walisema anawafungua watoto macho kabla ya wakati, anawafundisha uasherati, na kwamba mambo ya Tunduru yabaki Tunduru. Alisikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akawauliza kwa upole nani kati yao amekwisha kumwambia binti yake. Zikasikika karanga tu. Ndipo mama yangu, kwa sauti ya mtu anayejitetea mahakamani, akasema, "Shangazi yake hajafika."

"Na damu, mwanangu? Ilimngoja shangazi?"

Wakaondoka wakiwa wamemaliza gunia zima, na nadhani ndiyo sababu walichelewa kukasirika.

Makungwi hawakubangua karanga. Walikuja Ijumaa baada ya sala, wanawake wazito wa Tunduru wanaoishi hapa mjini, na aliyewatangulia alikuwa rafiki yake wa tangu usichana, waliyeingia naye unyagoni msimu mmoja. Alisema yaliyosemwa kule hayasemwi nje, hayasemwi kwa asiyechezwa unyago, na kwa mwanamume hayasemwi kabisa.

"Umetuuza uani pamoja na karanga zako," akasema.

"Sikuuza. Nimegawa."

"Basi siku ukifa utajiosha mwenyewe."

Kwa Mwislamu, neno hilo ni zito. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, na kwa kawaida huoshwa na jamaa zake wa karibu. Kuambiwa hutaoshwa ni kuambiwa huna watu. Na yeye hakuwa na mtoto, hakuwa na dada huku. Wale ndio waliokuwa watu wake. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Maiti hamjui aliyemwosha. Mtoto aliye hai anamjua aliyemficha."

Walipokwisha kutoka nilimwona akichanganya maganda na punje, akitupa punje na kuweka maganda. Nikamwuliza kama anaogopa. "Naogopa sana, mjukuu wangu," akasema. "Waite wenzako, karanga ni nyingi."

Huo ndio uasi ninaouheshimu. Siku hizi tumezungukwa na uasi wa bei rahisi. Milango ya biashara imefunguliwa, na Songea ya foleni za sabuni imekuwa Songea ya kila kitu. Mitumba imejaa sokoni, magazeti yamekuwa mengi mpaka hata vijana kama mimi tunapewa safu, na karibu na stendi kuna kibanda cha video ambako mvulana wa miaka kumi na miwili anaweza kuona yote ambayo mwalimu wake alikataa kuyasoma. Dukani sasa kuna vitambaa vya hedhi vya kiwandani, na muuzaji huvizungushia gazeti kama anayeficha bangi. Kama gazeti lenyewe ni hili, na ukurasa wenyewe ni huu, nitafurahi. Tumeruhusu kila bidhaa ipite mpakani, tukabakiza marufuku moja: mtoto kuambiwa ukweli juu ya mwili wake na mtu anayempenda. Halafu msichana wa darasa la saba akipata mimba anatolewa shuleni, na sisi tulionyamaza tunaitana kikao kujadili maadili yameporomokea wapi.

Kuna wenzangu katika duru za waandishi watakaosema nimeichafua mila, kwamba unyago ni hazina na hazina haisemwi gazetini. Kuna wasomaji wengine, wa dini yangu na wa dini yake, watakaosema mila yote ni giza na ingezimwa tu. Nawaambia wote kwamba yule bibi aliwajua wenzenu kabla yenu, na aliwapa karanga wabangue. Methali yetu inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni methali nzuri. Ila hakuna anayetuambia kwamba mila hiyohiyo inayoitamka ndiyo inayomziba mama mdomo, kisha inauacha ulimwengu ufanye kazi yake.

Sasa turudi kwenye ile nyumba, ambako jua limepanda na maji ya kuoshea yanapoa. Aliyeinuka hatimaye alikuwa muuza dagaa wa sokoni, Mwislamu, rika langu, mmoja wa tuliobangua pamoja. Alimfungua mtoto mgongoni akampa jirani, akakunja mikono ya gauni. "Nitamwosha mimi," akasema. "Anayejua utaratibu anielekeze. Asiyetaka, nitauliza msikitini." Wakainuka wengine wawili, Waislamu pia, nao wa ule ua. Sisi Wakristo hatukuwa na la kufanya kwenye maiti, basi tukashika kanga kuzunguka kitanda, mikono juu, migongo ndani, nyuso nje. Mimi nilishika pembe ya mlangoni. Kwa hiyo niliona ndoo ya maji mapya yenye mvuke ikija kutoka nyumba ya jirani, na nikaona aliyeibeba. Alikuwa mama yangu. Alinipa ile ndoo chini ya kanga, akarudi kuchota nyingine.

Nyuma yangu nikasikia maji yakimwagika ovyo na wale watatu wakinong'onezana, waanze upande wa kulia au wa kushoto. Na kutoka kando ya mlango nikasikia tasbihi ikiwekwa chini. Yule rafiki wa usichana, aliyemwambia atajiosha mwenyewe, aliinuka kwa taabu, akapita chini ya mkono wangu.

"Mnamwaga maji kama mnamwagilia mchicha," akasema. "Sogeeni. Kulia kwanza."

Akamwosha. Alichukua muda mrefu, na hakuacha kuwaelekeza wale watatu kila hatua, akikitaja kila kitu kwa jina lake, kwa sauti ambayo sisi wote wenye kanga tuliisikia. Alipotoka alinawa mikono, akanitazama. "Bado nasema alivunja kiapo," akasema. Kisha akaketi palepale kwenye mkeka wa uani, akauvuta ungo uliokuwa na karanga ambazo marehemu hakuzimaliza, akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa amesimama peke yake kwenye kona, amejifunga sweta kiunoni wakati asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kwamba wote wawili walikuwa wakitazama karanga.

Msomaji mwenye mtoto, sina somo lingine zaidi ya hili. Mwite leo. Mpe mikono yake kitu cha kufanya, mwambie, na usingoje barabara ya Lusewa ikauke.