Nyuma Hakuna Mkunga

Tangu wakubwa wasioujua uchungu wa kuzaa walipomwondoa mkunga, kwa hoja kwamba kijiji ni kidogo mno, kila mjamzito wa upande ule wa Grinilandi hana budi kuuvuka mto wa barafu uliolijaza bonde, ndipo aufikie mji. Helikopta huruka anga ikitakata. Tumbo haliingojei anga.

Boas, mwindaji wa sili, wale wanyama wa bahari ya baridi, aliuchukia mto ule. Ndio uliommeza mama yake. Tangu siku hiyo hakulitamka jina lake, kwa kuwa kwao jina la marehemu hufungwa kinywani hadi azaliwe wa kulibeba. Na sasa bintiye, Juditha, alilala juu ya sleji ya kukokotwa na mbwa, kafunikwa ngozi, uchungu umemwanza kabla ya siku zake.

"We Boas, mbwa wako wamenona hivyo! Watatangulia wao kuzaa," alitania jirani yao Makkarina, mjamzito naye, walipokuwa wakiondoka. Boas akawahimiza mbwa.

Katikati ya barafu, mbwa jike aliyeongoza akasimama. Mbele yake theluji ilitandaa laini, bila kovu. Boas akainua mjeledi.

"Baba, usimpige! Tugeuze."

"Nyuma hakuna mkunga, mwanangu."

"Na mbele kuna nini?"

Boas akauchoma mti wa chusa thelujini. Ukazama wote, wala haukugusa kitu. Chini kabisa, maji yakanguruma. Waliopanga safari hii hawakuwahi kusimama hapa!

Akageuza. Hawakufika mbali, Juditha akapiga ukelele.

"Baba, anakuja!"

"Mimi sijui kitu!"

"Hujui? Na sili wote wale uliowapasua?"

"Nimewapasua, sijawazalisha!"

Mtoto akatoka kimya, rangi ya samawati. Boas akampangusa, akampulizia, akamsugua kifuani pake, akiogopa hata kumtazama binti yake. Mara kilio chembamba kikatoka, na mbwa wote wakaitikia.

Makkarina aliwapokea kijijini, Juditha kampakata mtoto juu ya sleji.

"Nani kaja?"

"Eliassine," Boas akalitamka jina. Akamwinamia kichanga. "Karibu nyumbani, mama."

Makkarina akacheka kwa furaha. Kisha kicheko kikamkatika. Akalishika tumbo lake, akainua macho kulitazama bonde.