Kipimo cha Ngumi

Mama yangu alikuwa na kipande chake cha shamba chini mtoni, kule Kanyakine, alikopanda nduma, yaani magimbi, kwenye tope jeusi ambalo hakuruhusu mtu mwingine alikanyage. Zilikuwa nduma kavu, za unga, na wanunuzi walizijua. Nasema haya ili ieleweke kwamba siku nesi alipomkataza mkate mweupe, soda na chai ya sukari, Mama hakuumia. Alifurahi. Vitu vya dukani hakuwahi kuviheshimu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Embu, nilikofundisha shule ya msingi, ili nimpeleke kliniki. Kwa miezi mingi alikuwa akinywa maji bila kukata kiu, na macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nesi alimdunga kidole, akatazama mashine, akapima tena. Hakuwa Mmeru, na Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni tu, bei na salamu. Kwa hivyo nikakaa katikati yao kutafsiri, na makatazo ya mkate, soda na sukari nikayafikisha yote.

"Shosho asiogope," nesi akaniambia. "Nduma akule, ngwaci, hizo viazi tamu, akule, hata uji ya wimbi. Lakini hizo zote ni wanga, na wanga ikifika kwa mwili inageuka sukari. Kwa hivyo ni kupima. Kipande kama ngumi yake, basi. Akikula nduma, asiongeze ndizi na uji hapo hapo. Nusu ya sahani ikuwe mboga."

Akakunja ngumi akaiinua ili Mama aione. Mama akaitazama, kisha akanigeukia nimweleze ngumi ile ni ya nini.

"Anasema ukaze moyo," nikamwambia kwa Kimeru.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Kwetu mama mzazi hapimiwi chakula. Binti akimpakulia hujaza sahani, na ikipungua huongeza bila kuuliza. Sahani nusu ni ya mtu unayetaka ajue kwamba umemchoka. Tulikuwa na jirani mmoja aliyempakulia mama mkwe wake kidogo kidogo, na kijiji kizima kilimsema mpaka alipozikwa. Na huyu wangu alikuwa amelala njaa miaka mingi ili sisi tushibe. Niseme nini mimi, mbele ya mgeni? Nikajiambia nitamweleza nyumbani. Nyumbani akafika amechoka, na kesho yake nikarudi kazini.

La kunichoma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa sayansi. Kwenye ukuta wa darasa langu kulikuwa na chati niliyoichora kwa mkono wangu, na chini ya neno wanga nilikuwa nimechora nduma, kiazi kitamu na mkungu wa ndizi. Mtoto aliyeandika nduma kwenye kundi la mboga nilimkosoa kwa wino mwekundu, na nilimkosoa vizuri.

Habari zikafika kanisani kwamba Mama ana sukari. Akina mama wakaja kumwona kama ilivyo desturi, mikono haikuwa mitupu: ngwaci, ndizi za kuchemsha, na uji wa wimbi uliochachuka ndani ya vibuyu. Walikuwa na hakika yao. Sukari hutoka kiwandani, chakula cha shambani hakina sukari, na uji mchachu ndio kabisa, kwani kitu kichachu kitakuwaje na sukari? Nilikuwepo likizo moja walipokuja. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, si ni kweli? Hii ni dawa."

"Ni chakula kizuri," nikasema. Sikudanganya, na sikusema kweli.

Basi Mama akala. Asubuhi nduma sahani nzima na kibuyu cha uji, mchana ndizi na maharagwe, jioni ngwaci. Vidonge vya kliniki alivimeza kwa saa yake. Tangu siku ile ya kliniki hakuonja sukari hata kijiko, na alijivunia hilo mbele ya wageni. "Mimi namtii yule sista wa kliniki," alikuwa akisema. Nilikuwa namsikia, naangalia chini.

Kisha akajikwaa kwenye kisiki kule mtoni. Kidonda kikawa kidogo tu, kwenye kidole cha mguu, na kwa kuwa hakikumuuma hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; yeye aliumbuliwa na harufu. Ndugu yangu alipomvua soksi, vidole viwili vilikuwa vyeusi. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Nilimuuliza daktari kama ni chakula. Akasema ni sukari iliyokaa juu muda mrefu, na chakula kimo ndani yake, na umri umo, na kuchelewa kuja kumo, na kwamba hakuna awezaye kuvitenganisha. Alitaka kunifariji. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi na sijaona faraja ndani yake.

Wodini akaja binti wa lishe, Mmeru wa huko huko kwetu. Hakuhitaji mkalimani. Akaketi kitandani, akamshika Mama mkono, akavikunja vidole vya Mama mwenyewe kuwa ngumi na kumwambia kipimo ni hiki. Nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya chai isiyo na sukari.

Mama akaitazama ngumi yake. Akanigeukia.

"Mwari wakwa, binti yangu, kwani yule nesi wa kwanza hakujua haya?"

"Labda alisahau kusema, Mama."

Aliporudi nyumbani niliomba ruhusa kazini nikamhudumie. Mchana wa kwanza nilipika sukuma wiki, nikajaza nusu ya sahani, kisha nikakata kipande kimoja cha nduma. Nikakiweka mbele yake. Nilingoja ile aibu niliyoiogopa muda wote, nilingoja aniulize kama nimemchoka. Akakigeuza kile kipande kwa kidole.

"Ni hii tu walitaka?" akasema. "Hii ningeweza."

Akafumba macho kuombea chakula. Akashukuru kwa mboga, akashukuru kwa mguu uliobaki, akaomba nibarikiwe mimi niliyeacha kazi yangu kwa ajili yake. Kisha akamwombea yule nesi. "Umsamehe, Bwana," akasema, "maana alijua, akaninyamazia."

Nikasema amina.