Kitambaa cha Mke Mwenzangu

Mume wetu akiwa kazini Pemba hupiga simu ya mezani, watoto wapate kumsikia. Umeme ukikatika kwetu Ngamiani, yangu ilikuwa inazima papo hapo, ingawa modemu inayoiendesha ina betri ya akiba. Ya mke mwenzangu, mtaa wa pili, haizimi. Basi mume akawa anaongea na yeye, mwanangu analia.

Siku moja niliigusa modemu, ikanichoma. Juu yake nilikuwa nimetandika kitambaa cha kufuma, alichonitunza huyo mke mwenzangu, bi mkubwa, kwenye harusi yangu. Kumbe joto limeua betri. Nikamfuata.

"Dada, mbona yako hujaifunika?"

"Ile inataka hewa, mdogo wangu."

"Na kwangu ulikiona kitambaa, ukanyamaza."

"Kilikupendeza."

Nimenunua betri mpya. Kitambaa chake nadekia choo.