Misumari ya Biira

Juzi sokoni Kasese, nikiwa na binti yangu, niliona misumari miwili iliyopindwa ikashikana, ile ya watoto kutafuta namna ya kuiachanisha. Nikasikia tena harufu ya kahawa inayokauka mkekani, na hasira ikanipanda.

Baba alitupindia misumari kama hiyo. Dada yangu Biira alikaa nayo kando ya mkeka mchana kutwa, ulimi nje, huku kuku tuliotakiwa kuwafukuza wakichakura kahawa. Ikiachana, alicheka peke yake, kisha akaishikanisha upya.

Alasiri moja mjomba akaja kutoka Bwera na pakiti ya biskuti.

"Kila ukiachanisha, biskuti moja," akasema, akijiona mwema.

Biira akaachanisha, akala, akaachanisha, akala. Hakucheka hata mara moja. Baba alipompa misumari mipya, migumu zaidi, aliisukuma kando.

"Hii itanichelewesha, baba."

Biskuti zilipoisha, aliitupa yote akaenda kulala. Nilidhani vidole vinamuuma, nikampaka mafuta. Hakuigusa tena kamwe. Mpaka leo, nikimkumbuka mjomba na pakiti yake, natamani kumzaba kofi.

"Nunua, mama, iko muzuri kwa mutoto," muuzaji, mwanamke wa Butembo, akaniambia.

Nikampa binti yangu ajaribu. Aliitazama, akanitazama.

"Nikifungua, utanipa nini?"

Nilifungua mdomo nimkaripie. Ndipo nikakumbuka pakiti iliyokuwa mkobani mwangu: biskuti moja kwa kila hesabu anayopata.