Jina la Mama Thuraya

Kindu nzima ilikuwa na Thuraya mmoja, naye alitaka ibaki hivyo. Jina alipewa na bibi yake mzaa baba, mtu wa Kasongo, wa ukoo uliofika na misafara ya pwani, na bibi huyo ndiye aliyemfundisha kulitamka: ncha ya ulimi katikati ya meno, pumzi ipite taratibu. Watu wa Kindu si kwamba ulimi wao haufiki. Ni uvivu tu. Walimwita Suraya. Akiitwa hivyo aliendelea kugeuza mikate yake ya mchele, pale karibu na stesheni, mpaka mnunuzi ajirekebishe au ashike njia na njaa yake. Mume alishamzika, mtoto hakujaliwa. Alichobakiwa nacho ni hilo jina, na alililinda kama wengine wanavyolinda shamba.

Jirani yake Albertine, mke wa fundi wa reli, alikuwa amezika vichanga vyake vyote. Mwaka ule Chama kilichotawala nchi kilipopiga marufuku majina ya ubatizo na kutaka ya wazee, alikuwa na kingine mgongoni, cha kike, bado hakina jina. Akaenda ofisini akamwandikisha Suraya. Karani aliona ni jina la wazee wa hapahapa, akagonga muhuri.

Sasa, jina la mtu aliye hai haliokotwi njiani. Unampelekea mwenyewe mtoto, na kitenge mkononi, unaomba. Yeye humpakata, humtamkia jina sikioni, na tangu hapo wawili hao ni somo. Mmoja akizidiwa na ugonjwa, mwingine huenda kumwita arudi. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Albertine hakuinama. Thuraya alilisikia jina lake bombani, akiitwa mtoto anayelia. Alimfuata Albertine mpaka uani kwake.

"Uliniiba majina," alisema, "na tena unaivunja."

"Mama, yangu ya ubatizo serikali ilikamata, sikulia. Yako njo ya zahabu?" Albertine alikuwa akianua nguo, wala hakugeuka. "Na kama ningekuya kuomba, ungekubali mutoto wa Mukristu?"

Jibu lilikuwa hapana, na Thuraya akageuka, akatoka uani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Ubaya ni kwamba mtoto aliishi. Wanawake waliozoea kuzika waliona, wakasema hilo ni jina linaloshika. Wakazaliwa kina Suraya mtaa wa reli, kisha kando ya mto, kisha hata Kalima migodini. Maji yakimwagika hayazoleki. Thuraya alikataa kumuuzia mkate mama yeyote mwenye Suraya, akawa anajifukuzia wateja kwa mkono wake mwenyewe, huku akiwatukana.

Msichana wa Albertine alipokuwa amekwisha kujua kukimbia, homa ilimwangusha. Asubuhi moja Albertine akasimama mbele ya kikaango, kitenge kipya juu ya mikono miwili.

"Mama, mutoto hafungui tena macho. Kuya umuite."

"Leo njo unajua fasi ya kunikuta."

Thuraya alimwacha asimame juani mpaka mkate wa mwisho ulipoiva. Alitaka aumie, na aliona anaumia. Kisha akafunika vyombo, akamfuata.

Alimpakata mtoto, akainama sikioni. "Thuraya," alisema, kwa ulimi ule wa bibi yake. Akarudia, polepole, vizuri kuliko alivyowahi kulitamka maishani. Mtoto hakutikisika. Hilo halikuwa jina lake. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Albertine alikuwa nyuma yake, amejiziba mdomo, hathubutu kumsahihisha. Thuraya alimchukia sana wakati ule, na akamchukia kidogo hata mtoto, kwa kumlazimisha alivunje jina lake mwenyewe.

"Suraya," alisema.

Kope zikacheza.

"Suraya. Somo yangu. Kuya, rudia kwetu."

Mtoto akafumbua macho, akamtazama yule mama mgeni, akaomba maji. Thuraya alimrudisha kwa mama yake, akachukua kitenge.

"Hii ilichelewa," alisema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, stesheni, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwita Mama Suraya na kuomba mikate. Thuraya aliitika. Akamfungia mikate yake, akimchagulia ile iliyoungua.