Jina Aliloitwa Kakangu

Nilikuwa nafundisha sosholojia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja karibu na Buxton, Mombasa, kakangu aliporudi nyumbani Mji wa Kale. Alikuwa ametoka kutibiwa uraibu wa unga wa kulevya. Alirudi amenawiri, kanzu imemkaa, macho yametulia. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akalia, kisha akaingia jikoni kukaanga samaki.

Darasani tulikuwa tumefikia somo la majina. Niliwaeleza wanafunzi kwamba jamii ikishambandika mtu jina la mkosaji, huliona jina kabla ya kumwona yeye, na mwishowe mwenyewe naye hujitazama kwa jicho lilelile. Msichana mmoja akauliza kama jina hilo laweza kubanduka. Nikamjibu kwamba wataalamu hawakubaliani, tukaendelea na somo.

Kakangu alianza kuswali jamaa msikiti wa mtaani. Siku moja alirudi akaketi barazani, akaniuliza, "Mdogo wangu, siku hizi watu huingia msikitini na viatu mkononi?"

"Wezi wamezidi," nikamwambia.

"Hapana. Walikuwa washavivua. Waliponiona ndipo wakarudi kuvichukua."

Nilimtafutia kazi Marikiti, kwa muuza viungo aliyesoma madrasa na marehemu baba. Akaipenda. Alichambua iliki, akapima bizari, akirudi jioni nyumba nzima inanukia karafuu. Mama akaanza kumtajia wasichana wa kuoa, naye akawa anacheka, hasemi ndiyo wala la. Nikadhani tumevuka.

Kisha simu ya mwenye duka ikapotea. Wafanyakazi walikuwa kadhaa, lakini aliyeulizwa ni yeye peke yake. Walimpekua mbele ya wateja, wakamvua hata kofia. Alirudi nyumbani kichwa wazi, akapanda chumbani.

Jioni ile mwenye duka alikuja mwenyewe.

"Bi mkubwa, niwie radhi," alimwambia mama. "Simu imeonekana, ilianguka nyuma ya magunia. Nimemkosea mwanao."

"Alhamdulillahi. Basi kesho aje kazini?"

Yule mzee akainamisha macho. "Ningependa, wallahi. Lakini watu wamemwona akipekuliwa. Watasema nimeweka teja dukani."

Teja ndilo jina la mtumiaji unga kwetu. Kakangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, amelisikia.

Usiku nilipotayarisha somo la kesho yake, kila nadharia ilikuwa na la kusema. Wanaoiona jamii kama mwili wenye viungo wangesema aibu ndiyo inayolinda utaratibu. Wanaoiona kama uwanja wa mvutano wangeuliza duka ni la nani, na nani hana ila mikono yake. Yote nimeyafundisha miaka, na yote ni kweli. Hakuna hata moja lililonipa la kumwambia mama, aliyekuwa amekaa nje ya mlango wa mwanawe akimbembeleza ale.

Haukupita muda kakangu akaondoka, hakuaga.

Nilikutana naye miezi baadaye, kivukoni Feri, nikienda Likoni kuhani msiba. Alikuwa amekaa chini pembeni mwa wachuuzi, amekonda, midomo imepasuka. Nikamshika mkono.

"Kaka, twende nyumbani. Mama akuulizia kila siku."

"Nikafanye nini huko?"

"Ukae tu. Ni kwenu."

"Huko wananijua wote," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Hapa wanaoniita teja ni mateja wenzangu. Haiumi."

Wanafunzi wangu wawili wakapita, wakanisalimu kwa adabu. Kakangu akauvuta mkono wake.

"Nenda, mwalimu. Wasikuone na mimi."

Geti likafunguliwa, watu wakasukumana kuikimbilia feri. Nilipogeuka, mahali pake palikuwa patupu. Nilimtafuta mpaka jua likatua, msibani sikwenda tena. Mama aliniuliza mbona nimechelewa hivyo. Nikamwambia Feri kulikuwa na watu wengi.